Swali la Sauti

Alhamisi jioni, 1983

Yule nesi wa gari la hospitali ni mjinga. Naandika tena: mjinga.

Hilo gari linasimama hapo kando ya reli, mtaa wetu wote wa Laini Saba ukitazama, na kila mtu anajua linatibu vichwa. Mimi nilienda kwa sababu tangu tumzike Mama silali, na dada yangu Atieno alinisumbua mpaka nikachoka.

Habari za kifo cha Mama, nesi hakuuliza. Alikuwa na karatasi yake ya maswali. "Unasikia sauti za watu usiowaona?"

Nikamwambia, "Eeh, kila siku." Kwani nidanganye? Ukuta wangu ni mabati na maboksi. Jirani yangu Baba Otis akikohoa kwake, ni kama amekohoa kitandani mwangu.

Akaandika mbio mbio. "Hizo sauti zinakusema wewe?"

Nikacheka. Nikasema hapana, zinagombania mafuta ya taa. Hata hayo akaandika! Nilipotaka kumweleza habari ya ukuta, akanisukumia vidonge, akasema nirudi wiki ijayo, akaita, "Mwingine!"

Vidonge sijameza. Usingizi nautaka, lakini si kwa kuitwa kichaa.

Sasa nimeinjika mboga yangu ya sukuma, na upande wa pili Mama Otis anamwambia mumewe, kwa sauti ya chini, kana kwamba mimi ni kiziwi: "Usimtume mtoto tena kwake kuomba kiberiti. Leo nimemwona akiingia kwa ile gari ya wazimu."

Wiki ijayo nesi akiniuliza kama sauti zinanisema, itabidi nikubali.