Kiganja cha Pangoni

Kaka,

Huku hatujambo. Goti la mama limepata nafuu, na mlango ulioahidi kuutia komeo bado tunaufunga kwa kamba.

Jumamosi nilimpeleka mama kwenye pango la watu wa kale, pale ulipokwenda kuchora vibao vya wageni kabla hujasafiri. Mwongozaji alimulika ukuta wenye alama za viganja, rangi nyekundu imepulizwa kuvizunguka. Kimoja ni cha kushoto, na kidole cha shahada kimeishia kwenye pingili ya pili.

"Walikuwa wakijikata kwa ajili ya ibada," akatuambia. "Miaka elfu nne iliyopita. Mwezi ujao wataalamu wanakuja kuipima rangi."

Mimi sina elimu ya mapango. Ila wewe msumeno ulikukata kidole gani, kaka? Na mbona uliondoka haraka vile, hata kuaga hukuaga? Au ni ile tabia yako ya kutia sahihi kila kibao?

Mama alivuka kamba ya kuzuia wageni, akaweka kiganja chake juu ya kile, akatulia hapo mpaka mwongozaji akamkemea.

"Nisamehe, mwanangu," akamjibu. "Ni miaka sita sijamshika."

Kwenye kitabu cha wageni tulikuwa tumeshaandika tunapokaa. Mwongozaji amekuja hapa mara mbili tangu siku ile. Anataka kujua mama alikuwa anamsema nani.

Leo asubuhi mama amemtolea picha yako.

Ni mimi,
Dada yako