Mtambo wa Mapokezi

Basi limeshatoka Dalton, Otis, nami nimo. Kiwandani sirudi!

Unamkumbuka Verna, injinia wetu wa mazulia? Kahangaika miaka kubuni mtambo wa kusafisha maji ya rangi yasiingie mtoni machafu. Mimi ndiye niliyeuchomelea. Leo bosi Tarpley kauzindua. Wapi? Mapokezi, pale mlangoni wanapoingilia wageni! Kauzungushia maua na taa!

Verna akamwambia, "Bosi, haujaunganishwa na bomba."

"Dada, wageni wanapiga picha mapokezi, sio mtoni."

"Lakini hapa hautafanya kazi!"

"Nani kasema ufanye kazi? Upendeze!"

Eti upendeze! Kichwa chote kile, ndani upepo mtupu.

Verna kaacha kazi papo hapo, nikamfuata. Tarpley kapigiwa makofi. Mto umeshinda mwekundu, maana wiki hii wanatia mazulia rangi hiyo.