Mifupa ya Changu Katika Mtaro wa Tano

Baba yangu mpenzi,

Vichwa vyako vya samaki changu nusura viwatie wasomi wazimu. Nakwambia hili mwanzo ili ucheke kidogo, kabla sijafika kwenye linaloniuma.

Mwaka wa tatu huu tangu tukuzike, na shamba ulilolitunza nje ya Riyadh limeuzwa. Maghala ya mtaa wa Sulay yameshafika kwenye ukuta wa shamba. Kabla hayajajengwa mengine, wamekuja watu wa mambo ya kale kuchimba mitaro ya majaribio, mirefu na myembamba, waone kama chini kuna kitu. Kafili wako wa zamani, yule tajiri aliyekuajiri, alinipigia simu Jeddah: "Njoo uliage shamba la baba yako." Nikaja.

Kitu kipo, baba. Upande wa mitende wamekuta kijiji cha wakulima wa zama za Warumi: misingi ya nyumba za udongo, tanuri la mkate, mfereji. Warumi wenyewe hawakufika, alinieleza Nura, binti wa Kisaudi anayeongoza kazi, ila kipande cha kioo chao kimefika. Penye kijiji patawekwa uzio na hapataguswa. Kwingine kote ni maghala.

Mtaro wa tano ukapita katikati ya bustani yako. Wakakuta mashimo, safu baada ya safu, na chini ya kila shimo mifupa ya samaki wa baharini. Bahari iko wapi na Riyadh iko wapi! Nura akawa hashikiki. Alidhani watu wa kale waliletewa samaki kutoka Bahari ya Shamu, hasa kwa kuwa vigae vyao vilikuwemo humo, maana wewe ulifukia kwa udongo uleule. Akanionyesha ramani: uzio utasogezwa, bustani iwe ndani.

Nikanyamaza. Siku mbili nzima, na nilijua fika ninachokifanya. Nilitaka bustani yako ibaki.

Nilikuwa nikilikumbuka basi la kutoka Jeddah, likizo za shule, na sanduku lako la barafu miguuni. Dereva alinusa, akapiga kelele kwamba samaki hawapandi basi lake, "Mafi samaki, ya haji! Yalla, teremsha!" Ukamjibu kwa upole wako, "Si samaki hao, ni mbolea." Yale machipukizi ya migomba uliletewa kutoka Unguja, na kila baridi ya Riyadh ilipoyaua ulichimba mashimo mapya pembeni. "Mpe chakula chake kwanza, ndiyo umkalishe," ulikuwa ukiniambia, nami natia vichwa. Miaka yote hiyo tulikula mkungu mmoja tu. Ndizi zilikuwa ngumu, na mama aliapa kuwa ni tamu.

Siku ya tatu Nura aliniambia anawaandikia wakubwa wake habari za wale samaki. Nikashindwa. Msichana wa watu angechekwa kwa ajili yangu.

"Dada, samaki hao ni wa baba," nikamwambia. Hakuniamini. Nikamwonyesha shimo la pembezoni. "Chimba hili. Kandambili yangu imo." Iliniponyoka nikiwa na miaka minane, nawe ukakataa kuitoa: "Mwache mgomba avae."

Ikatoka, nyekundu, ukanda umekatika. Nura alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniuliza taratibu kama najua nimepoteza nini. Nikasema najua. Nililia, baba, sikujificha.

Mwezi ujao bustani inasawazishwa. Nura ni mtu wa utaratibu, kwa hiyo mashimo yako nayo yameingia kwenye daftari la mitaro. Panapoulizwa nani alijenga au kuchimba, kurasa zote za kile kijiji zimejazwa neno moja: hajulikani. Aliyejenga nyumba hajulikani, aliyechimba mfereji hajulikani. Alipofika kwako akanipa kalamu. Shimo la kwanza mpaka la arubaini na moja nimeandika mwenyewe, moja moja: Salum bin Hamadi, mkulima.

Mungu akupe raha huko uliko, baba, mpaka tuonane.

Mwanao,
Zuwena