Mtunza Bustani na Mawaridi ya Utepe

Baba watoto,

Wali uko kwenye sufuria, mchuzi pasha mwenyewe. Mshumaa wa mezani usiuguse, ndio ninaobabulia ncha za utepe zisifumuke. Nimetoka mbio kutafuta utepe mwingine mweupe, na sababu unaijua.

Miaka yote unaniambia maua yangu ni matambara. Kwamba wewe, mtunza bustani mzima, hudanganyiki, na hata nyuki ana akili kuliko wateja wangu. Haya. Leo asubuhi natoka kuoga, nakukuta umeinamia shada la bibi harusi, miwani umevaa, unalimwagilia maji kwa kikombe huku unapiga mluzi. Ukanigombeza kwamba nimeyaacha yanyauke. Na yale mawaridi yenye ncha za kahawia, niliyoyababua makusudi yapendeze, ulikuwa umeshayakata kwa mkasi wako wa kazini.

~~Usinisemeshe mpaka Jumapili.~~ Nisemeshe tu, maana nataka kucheka na wewe upo.

Utepe mwekundu umechujia rangi kwenye mweupe. Shada nimelianika dirishani, liache hapo hapo. Usilitilie mbolea.

Bibi harusi anakuja kulichukua jioni. Alikuwa na wasiwasi kama maua yatafanana na ya kweli. Nimempigia simu nikamwambia atulie, mtaalamu wa bustani ameshayakagua kwa mkono wake.

Nyuki, kwa taarifa yako, hakuja.

Mama watoto