Nyasi ya Mama Yako Haijafa

Gitothua, Ruiru,
Tarehe 6, mwezi wa nne, 2025.

Mpendwa binti yangu Waruguru,

Nakusalimu maitu, nakuita mama kwa kuwa umebeba jina la mama yangu. Habari ya Uingereza na hiyo baridi? Mgongo uliacha kuuma? Sisi huku ni wazima. Goti langu la kushoto linanisumbua mvua ikinyesha, lakini bado naenda Thika na kurudi bila bakora, na wa rika langu anayeweza hivyo hapa Gitothua sijamwona.

Barua hii nampa Rachael wa mzee Kagwe, anarudi huko Jumatano. Sikutaka kusema haya kwa simu, kwa sababu simu ni ndugu yako Gachau hunishikia, na maneno yenyewe yanamhusu.

Ni habari ya nyasi ya mama yako. Unajua aliipanda akiwa amepiga magoti, kipande kwa kipande, kutoka mlangoni mpaka pale tulipomzika. Wewe makaratasi yalikuzuia kuja kumzika, ukaniambia Desemba ukifika utakaa naye kwanza hapo kwa nyasi kabla ya kuingia nyumba. Nami nikakuahidi utaikuta kijani.

Mwezi wa pili ikaanza kuwa manjano. Nikaenda agroveti. Msichana wa duka akanionyesha mbolea mbili, CAN yenye namba 26 na yuria yenye namba 46. Akasema hiyo namba ndiyo naitrojeni, ndiyo nguvu yake, na kwa nyasi nichukue ile ndogo. Mimi nimekuza mahindi miaka arobaini, watu wakitoka mpaka Kiganjo kuja kuyaangalia. Nikamwambia, "Mtoto, lete ile kubwa." Nikaiweka vile huwa naweka kwa mahindi, kifuniko kimoja cha soda kila hatua, jua likiwaka, bila maji.

Wiki haikuisha. Kila mahali nilipomwaga kifuniko pakaungua duara, kama mtu ametua sufuria ya moto. Mpaka hapo juu ya mama yako.

Gachau akauliza ni nini. Nikamwambia udongo umekufa. Akaamini, maana ndugu yako hajawahi kunisikia nikikosea mambo ya shamba. Sasa ameagiza mawe ya kabro afunike kiwanja chote, na lori linakuja baada ya Pasaka. Anasema afadhali mama alale mahali safi.

Nikaenda Thika kwa Kuldip, tuliyefanya kazi naye kiwanda cha nguo. Nyasi yake ni kijani mwaka mzima. Alicheka mpaka akavua miwani. "Ephantus, nyasi unailisha na kijiko kama mgonjwa?" Kisha akanieleza polepole. Kwanza nimwage maji mengi, ile yuria ishuke. Halafu CAN, mkono mmoja usiojaa kwa hatua mbili kwa mbili, nirushe kama chakula cha kuku, nikienda urefu na kurudi upana, mvua ikiwa karibu. Sikubishana naye, na unajua mimi hubishana.

Nimebeba ndoo wiki mbili, Gachau akiwa kazini. Mvua ilipoanza nikarusha CAN. Jana nikapiga magoti kuangalia. Nyasi inaingia kutoka pembeni mwa zile duara, nyembamba kama sindano. Juu ya mama yako kuna duara tatu bado ni nyeusi, lakini mizizi iko hai, nimeigusa.

Sasa nakuomba, maitu. Gachau anakusikia, wewe ndiwe mkubwa wake. Mpigie simu kabla ya Pasaka, mwambie lori lisije. Mwambie udongo haukufa, ni baba aliyeunguza. Mara mbili nimejaribu kumwambia tukinywa chai, na mara mbili nimejikuta naomba sukari.

Wasalimie wanao Maggie na Njau, waambie guka wao anawakumbuka kwa maombi. Mungu akuinue hapo ulipo, akulete nyumbani salama.

Ukishamwambia Gachau, mwache aje aniulize mwenyewe. Sitakataa.

Ni mimi baba yako, nikupendaye,
Ephantus