Nilivyomkalisha Mama

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo kiasi. Wifi yako anakusalimu, na karakana haijanitupa. Simu zangu hupokei tangu harusi ya binti yako, mwaka wa pili sasa, nami sikulaumu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Soma mpaka mwisho tafadhali, hata ukiudhika njiani.

Mama yupo. Anakula, anacheka, anawasengenya majirani kama kawaida yake. Ila magoti, dada. Yalipoanza kugoma asubuhi na kulia kama bawaba kavu, nikajifanya mwana mwema. Nikamtengenezea kochi la kuzama, mito mpaka shingoni, nikamwambia sasa kazi yake ni kukaa tu. Maji aletewe, chakula aletewe, hata chumvi asiinukie. Mtaa mzima ulisema mama yule kapata mtoto, na sifa zikanivimbisha kichwa.

Mwezi uliopita zahanati ya hapa ilinipa kazi ya viti kumi na viwili, vigumu, visivyo na mikono, vyote kimo kimoja. Nilidhani ni vya foleni. Nilipovipeleka Alhamisi nikakuta wazee wamepangwa ukumbini, wanaambiwa wasimame na kukaa, wasimame na kukaa, bila kushika kitu. Wote ni watu wa magoti yaliyosagika. Alikuwamo yule muuza nyanya aliyekuwa na meza karibu na ya mama sokoni. Amemzidi mama miaka minne, na zamani alikuwa hatoki bila fimbo. Alinisaidia kushusha viti, akaniuliza kwa utani kama mama bado ni malkia wa kochi. Nilicheka, lakini moyoni nilikufa kwa aibu.

Nilimwuliza mtaalamu wa mazoezi anayewasimamia kama mtu aliyekaa miaka miwili anaweza kuanza. Akanitazama, akanikumbuka. Alisema aanze, maumivu yatapungua, lakini misuli ya mapaja imeshanyauka, na mengi yaliyokuwa yanawezekana wakati ule sasa hathubutu kuyaahidi. Kupanda ngazi, kwa mfano.

Kwa nini alinikumbuka? Hapo ndipo penye dhambi yangu. Nilikuambia zahanati wamesema ni uzee, hauna dawa. Hawakusema hivyo. Mtaalamu huyo huyo alimwambia mama atembee kila siku, apunguze uzito, aimarishe mapaja, akampa na karatasi yenye picha za mazoezi. Mimi nikamjia juu mbele ya wagonjwa, kwamba mtu anaumwa magoti halafu anaambiwa afanye mazoezi kama kuruta. Karatasi nikaichana.

Kumbe mama alishazishika zile picha kichwani. Wiki chache kabla ya harusi nilimkuta chumbani, mlango kaurudisha, ameshika kitanda, anapanda na kushuka tofali aliloliweka sakafuni. Jasho linamtiririka. Aliniambia anajizoeza ngazi za basi, aje amwone mjukuu wake akiolewa. Nilimgombeza, dada. Mama yetu nilimgombeza kama mtoto, mke wangu anasikia, nikamwuliza kama anataka watu waseme nimemtelekeza. Akakaa. Tofali nikalitoa nje. Kisha nikakutumia ujumbe kwamba mama amesema safari haitaki, msimsubiri. Maneno yale yalikuwa yangu. Yeye hakuyasema kamwe.

Majuto ni mjukuu, na mimi wangu ninaye. Nampeleka kila Alhamisi. Juzi alisimama mara tatu bila kushika, ya nne ikamshinda. Kupanda basi hawezi, na sijui kama ataweza tena. Kwa hiyo njoo wewe. Ukifika usinipe mkono kama hutaki, lakini njoo.

Wasalimie shemeji na watoto. Mama naye anakusalimu sana. Hajui nilikuandikia nini wakati wa harusi. Nitamwambia mwenyewe kabla barua hii haijakufikia. Anajua tu kwamba ulinyamaza, na kila simu yangu ikilia huuliza kama ni wewe. Leo ameniomba nikuulize kama hasira zako zimekwisha, na nikuombe radhi kwa niaba yake kwamba hakuja.

Ni mimi mdogo wako, yule uliyemwita Kichwa Ubao.