Tangi Lako Linabaki Sebuleni

Baba Sumaya,

Niwie radhi, nimekawia sana kukuandikia. Katika eda yote, miezi minne na siku kumi, nilikuwa ndani tu, lakini kila nikishika kalamu mtoto anaamka, au stima inapotea nakimbilia tangi lako la samaki. Pampu ikizima nakoroga maji kwa kikombe yapate hewa, Sumaya mgongoni, mpaka mkono unakufa ganzi. Wewe ulikuwa unakoroga huku unacheka. Mimi sicheki, lakini nakoroga.

Samaki wako wa bahari yu hai. Naanza na hilo kwa sababu mtaa mzima unasema amekufa.

Unamjua mwenyewe. Mdogo kama kidole, mwili wa zambarau, mkia wa manjano, kutwa pangoni. Waliokuja kunipa pole waliinama wakaona maji na mawe. Mmoja alimwona amegeuka tumbo juu chini ya paa la pango, akasema, "Huyu ameshaenda." Nikamwambia vile uliniambia siku ya kwanza: "Huko kwao paa ndiyo sakafu." Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyechanganyikiwa na msiba.

Mama yako naye, na miaka yake yote ya mifugo kule Sangailu, alishahukumu. "Binti yangu, mnyama akijitenga na wenzake anaumwa. Mchinje kabla hajafa bure." Nikamwambia samaki hachinjwi. Akasema, "Basi mle." Siku hiyo nilicheka, mara ya kwanza tangu tukuzike. Nikamweleza kwamba huyu akijificha ndiyo uzima wake, siku akishinda nje ndipo nitaogopa. Hakuniamini.

Halafu kaka yako. Anafungua duka Habaswein, na anataka kioo cha tangi kiwe kabati la kupangia simu na manukato. Wakati wa eda alikuwa akisemea nyuma ya pazia: "Shemeji, unachoma stima kwa ajili ya mawe." Jumamosi, eda imekwisha, akaja na blanketi la kufungia kioo. Alikuwa tayari ameshika waya wa pampu.

Nilisimama mbele ya tangi, Sumaya kiunoni. Nikamwambia, "Achilia waya. Samaki awepo asiwepo, tangi halitoki. Mume wangu aliliweka hapa, na hapa mimi ndiye ninayekaa."

Akamgeukia mama yenu amsaidie. Kumbe mama ameketi sakafuni, pua karibu na kioo, vile anavyokaa akimngoja mbuzi azae. Samaki akatoa uso, akadaka kitu kidogo majini, akarudi ndani.

"Yupo," mama akasema polepole. "Ana haya, kama mwanangu."

Kisha akalia. Nami nikakaa chini, tukalia pamoja, Sumaya anatushika nyuso. Kaka yako akakunja blanketi lake. Mlangoni akasema atarudi mwezi ujao tuzungumze vizuri. Arudi. Chai atakunywa, tangi ataliacha.

Nimechoka, Baba Sumaya, sikufichi. Kuna asubuhi natazama maji yale nakukasirikia kwa kuniachia kitu kinachohitaji mtu kila saa. Lakini sitaki kuambiwa na mtu yeyote kipi cha kwako kimekufa.

Pumzika. Mungu akupanulie kaburi lako. Nakuahidi Sumaya atajua kupima chumvi ya maji kabla hajajua kusoma saa.

Nimemwandikia yule mama wa Malindi uliyekuwa ukiagiza kwake, avitume vitu kwa basi. Nakuwekea orodha hapa, maana wewe ndiye uliyekuwa ukiikagua: chumvi ya bahari, ndoo mbili. Kipimo cha chumvi, kile cha kwanza binti yako amekivunja. Feni ndogo ya kupoza maji, kwa sababu jua la hapa linashinda chupa zangu za barafu. Betri ya pampu. Uduvi mkavu uliosagwa, mfuko mmoja. Na jiwe moja lenye tundu refu kuliko hili, ajifiche apendavyo.

Mama Sumaya